Nilibana Upande wa Kushoto

Kaka yangu alimpiga mkewe ndani ya karakana yangu ya ushonaji, saa nne asubuhi, cherehani zikinguruma. Aliingia na kadi ya kliniki mkononi, akamkamata wifi nywele, akamgongesha uso kwenye meza ya kukatia vitambaa. Pua ikapasuka. Sare nyeupe za shule nilizozimaliza jana yake zikatapakaa damu.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, nalisema bila kupepesa macho. Mara mbili nilimpima wifi gauni, mara mbili nikaona titi la kushoto limevutika ndani kama kitambaa kilichonaswa na uzi. Fundi mwenye akili angeuliza. Mimi nikabana upande ule, nikatia sponji, gauni likakaa, nikasifiwa. Mara ya tatu kidole changu kikagusa uvimbe mgumu, ndipo nikamwambia aende. Kliniki wakamwandikia arudi Alhamisi, achomwe sindano wachukue kipande cha nyama wakakipime kama ni saratani.

Sasa huyu mjinga akawa anafoka kwamba mwanamke anayevulia daktari nguo ana bwana mwingine, na kwamba ugonjwa huo humpata anayeutafuta. Akaichana kadi. Akamtia teke la mbavu palepale sakafuni.

Nikachukua pasi ya moto nikambandika mkononi. Ngozi ikababuka. Sikujuta, na leo sijuti. Akanivamia, tukaangusha kabati la vifungo, nikamkalia kifuani na mkasi shavuni mwake.

"Mama yetu alitafuta nini?" nikamwuliza.

Mama alificha titi lake kwa matambara mpaka likaoza, na sisi wawili ndio tuliofua matambara yale, huku tukiambiwa amerogwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Kwetu kiliumbua nyumba nzima. Kaka akaanza kulia kama mtoto. Nilimtimua hivyohivyo, maana machozi yake hayakuwa dawa ya pua ya mtu.

Ile kadi niliiunga vipande kwa cherehani, uzi mweusi.

Alhamisi wifi alikwenda, jicho limefumba kwa uvimbe, akiniegemea kwa sababu ya mbavu. Nesi aliigeuzageuza ile kadi yenye mishono, akamtazama usoni, akaweka kalamu chini. Akasema kabla ya lolote ataita polisi.

"Polisi nitakwenda mwenyewe," wifi akasema, akifungua vifungo. "Anza na titi. Yule nataka nimshtaki nikiwa hai."

Nesi akanawa mikono. Nikageuka nitoke, niwaachie faragha yao. Wifi akanishika sketi.

"Ukimaliza kunipima, mpime na huyu," akamwambia nesi. "Mama aliyekufa ni wa kwake. Na hajawahi kupimwa, amezoea kupima wenzake tu."

Nilitaka kumtukana. Mikono hii iliyoshika pasi bila kutetemeka ilishindwa kufungua kifungo cha kwanza, wifi akanifungulia.