Ng'ombe Tisa Njiani

Kampuni ya Borvale ilipokuwa na visima viwili tu vya mafuta kwenye malisho ya Leona Dubyk, mkaguzi wake alikuwa Mervyn Stasiuk, jirani aliyekunywa kahawa jikoni kwake na kujua kwamba geti huachwa kama lilivyokutwa: ukilikuta wazi liache wazi, ukilikuta limefungwa lifunge. Huko Alberta, Kanada, mtoto wa ranchi hulijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Kisha kampuni ikanenepa. Ikameza kampuni ya jirani, kisha nyingine tano, makao yakahamia ghorofani Calgary, na Mervyn akapewa saa ya ukutani na kuambiwa akapumzike. Kila mwezi akaja dereva mpya wa kukagua visima. Mmoja wao, katika wiki ya joto kali la Julai, alilikuta geti la chemchemi wazi akalifunga, maana garini mwake kulibandikwa amri: Funga mageti yote. Leona alikuwa mjini Red Deer siku tatu, akimzika dada yake. Aliporudi, ng'ombe tisa waliofungiwa nje, mbali na wenzao walio upande wa maji, walikuwa wamekufa getini, na maji yapo hatua arobaini mbele yao.

Jumatano akaja Wade Prentiss, mtu wa kampuni wa kutafuta saini za wenye ardhi. Alikuja na pole na ramani. Pole ilichukua dakika moja. Ramani ilionyesha visima vinane vipya kando ya chemchemi iliyowanywesha ng'ombe mia mbili waliobaki. Bila maji yale hapakuwa na ranchi, na Wade alilijua hilo.

"Yule dereva alifuata utaratibu, Bi Leona."

"Utaratibu wa nani? Ng'ombe wangu hawajui kusoma."

"Usiposaini, baraza la serikali litatupa ruhusa tu. Unajua."

"Najua. Mafuta ya chini si yangu, mimi nimeachiwa nyasi. Sasa niondolee hiyo karatasi mezani, nataka kula."

Alimchukia mtu yule, hata kwa jinsi alivyopangusa viatu vyake mlangoni.

Ijumaa wakubwa wa Calgary walikuwa wanakuja kupiga picha kwenye kisima cha kwanza, kusherehekea miaka ishirini ya kukua. Asubuhi Leona akafunga mnyororo kwenye trekta, akaiburuta mizoga mmoja mmoja, akaipanga kuziba barabara ya kampuni hatua chache kupita geti lile la chemchemi. Ilikuwa imevimba na kunuka vibaya. Mervyn alipita akamwambia hasira hasara. Akajibiwa arudi nyumbani akatazame saa yake.

Magari manne yakaja. Wakubwa wakaziba pua. Wade, aliyekuja nao, akauliza kama asiyejua ng'ombe hawa ni wa nani.

"Walikuwa wangu. Mmewaua, ni wenu. Wabebeni."

Hakuna aliyewabeba. Dereva wa gari la mbele, lenye tangi la dizeli nyuma, akatazama kushoto, akaona majani mabichi yaliyostawi, akakata kona. Mervyn angejua kwa nini majani pale ni mabichi mwezi wa Julai. Leona naye alijua: chini yake ni tope la chemchemi. Alikuwa na muda wa kupiga kelele, akafunga mdomo makusudi, kwa raha ya kumwona akikwama.

Gari likazama hadi ekseli. Wenzake wakalivuta kwa mnyororo, likalala ubavu, tangi likapasuka kwenye jiwe. Dizeli ikamwagika yote juu ya jicho la chemchemi, maji yakatoka yaking'aa rangi rangi.

Raha ikamtoka Leona mwilini.

Wade alikuja ametapakaa tope hadi magotini, naye safari hii hakuwa na adabu ya kazini.

"Ulikuwa umesimama hapa. Kwa nini hukutuambia?"

Leona akageuka kutazama malisho. Juu mlimani ng'ombe mia mbili walikuwa wameanza kushuka, maana saa yao ya kunywa ilikuwa imefika.