Sauti Iliyoandikwa Sufuri

Kanda ile ilikuwa ya kupigwa mara moja tu. Sikio alilijua hilo kabla hajaitoa kwenye kopo lake lenye kutu. Miaka thelathini na moja ya joto na unyevu ilikuwa imeulegeza unga wa kahawia unaobeba sauti. Ikipita kwenye mashine, unga wote utabanduka, ibaki plastiki tupu.

Walimwita Sikio kwa kuwa alikuwa fundi wa kanda pale redioni miaka ishirini na minane, na hakuna mlio uliompita. Kanda hii aliitafuta tangu siku aliyoajiriwa. Ilikuwa na hotuba ya waziri nje ya kiwanda cha nguo, siku moja baada ya moto. Watu kumi na tisa waliteketea mle, dada yake akiwemo, kwa sababu mlango ulifungwa kwa nje. Waziri akasimama, macho makavu, akasema mlango ulikuwa wazi. Ndipo mama yao alipopaza sauti kutoka nyuma ya umati. Mpaka leo wakubwa wanasema hakuna aliyeuliza kitu. Mama ameshazikwa. Na tume ya uchunguzi, iliyoundwa shingo upande, ilikuwa inapokea ushahidi mpaka kesho yake, basi.

"Dada Sikio, mbona unaibeba kama yai?" akatania Mhandisi, mkuu wa chumba cha kuhamishia kanda kwenye kompyuta. "Ipitishe. Kompyuta inalipima wimbi la sauti mara elfu arobaini na nne kwa sekunde moja, kila kipimo kinakuwa namba. Hakiibwi kitu hapa."

"Labda uibe wewe."

"Mimi? Hata usingizi wa kazini naibiwa!"

Sikio akacheka, akavaa visikilizio masikioni, akabonyeza kitufe. Waziri akaunguruma. Dakika ya saba, kwa mbali, sauti ya mwanamke ikapasua:

"Ufunguo anao nani? Mwanangu yumo ndani! Ufunguo anao nani?"

Umati ukaitikia, mamia ya vifua. Sikio akaziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa mama yake, mzima, na ule mkwaruzo wake wa koo. Unga wa kahawia ukamwagika mezani kama vumbi la msumeno, na kanda ikaisha.

"Nirudishie dakika ya saba," akasema, akijifuta macho. "Kutoka kwenye kompyuta."

Waziri akasema mlango ulikuwa wazi. Kisha kimya. Kimya laini, kisicho na hata upepo, sekunde kumi na moja. Kisha waziri akaendelea.

"Mama yangu yuko wapi?"

Mhandisi akakuna shingo. "Ni agizo la juu, dada. Kelele zinajaza nafasi. Kila kilicho chini ya sauti ya msemaji, kompyuta inakiandika sufuri."

"Lakini nimemsikia! Sasa hivi!"

"Umesikia kanda. Waya wa visikilizio vyako umechomekwa kabla ya kompyuta. Nani kauchomeka?"

Yeye mwenyewe. Miaka yote aliuchomeka hapo hapo, maana enzi za kunakili kanda kwa kanda, ulichokisikia ndicho kilichonakiliwa. Akairudisha kanda mwanzo, akabonyeza tena. Ikapiga kelele ya chuma, basi.

Kesho yake akaenda kwenye tume, na faili ile ya sauti ya kompyuta, akasimama akasema aliyoyasikia.

"Mwanamke huyo ni nani wako?" akauliza mwenyekiti.

"Mama yangu mzazi."

"Ahaa."

Wakaisikiliza hotuba yote. Zile sekunde kumi na moja zilipopita, wajumbe walitazama meza. Mwenyekiti akaisifu redio kwa usafi wa sauti, kisha akamgeukia karani, akamwambia aandike: waziri alieleza kwamba mlango ulikuwa wazi, akawapa wananchi nafasi ya kuuliza, na wananchi wakanyamaza.