Dumu la Mkwe Twalibu

Kitendawili! Nina rafiki aliyenifukuza ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Usihangaike kunipa mji, ni pombe. Krismasi iliyopita ilinilaza kwenye banda la kuku, hapa hapa kwangu Pangani, Kibaha, na kuku wakahamia kitandani. Wenzangu walikula pilau. Mimi niliamka na manyoya mdomoni, nikajidai nimekula nyama.

Mwaka huu nilikuwa na miezi tisa bila kuonja. Muuguzi Jenifa wa kliniki alinifundisha kwamba hamu ikija nisikae nayo peke yangu, nitafute mtu niongee naye. Sasa mimi maongezi yangu ni vitendawili. Kila koo likiwasha, navuka kwa jirani yangu Biubwa, namtegea, anashindwa, ananipa mji. Kufika Desemba alishanipa Arusha, Mwanza na Zanzibar, akasema, "Bibi Eugenia, nchi imekwisha. Nikupe Marekani?"

Yote hayo kwa ajili ya mtu mmoja mwenye meno mawili, mjukuu wangu Saburi. Mama yake, binti yangu Helena, alikuwa anarudi kazini Dar mwezi wa Januari. Aliniambia bila kupepesa macho, "Mama, ukiimaliza Krismasi hujaonja, Saburi utashinda naye wewe. Ukionja hata kijiko, natafuta dada wa kazi." Mimi ndiye niliyemfundisha kusema kweli, ningemlaumu nani?

Sikukuu ikafika. Helena akaja na mtoto na mumewe, Hashiru. Tukapika pilau, nikachinja jogoo wa banda lile lile, nikatengeneza maji ya ukwaju. Mchana akaingia baba yake Hashiru, mkwe wangu Twalibu, kutoka Kisarawe. Ni mstaafu wa ofisi huko Dar, mtu wa swala tano, pombe anaijua kwa jina tu. Mwaka huu kanunua shamba la mikorosho Kisarawe, na huu ndio msimu wake wa kwanza. Alikuwa amelikumbatia dumu la njano kama kichanga.

"Mkwe, heri ya Krismasi! Nimesikia umeacha mambo yale, nikasema nikuletee kinywaji cha heshima. Juisi ya mabibo! Nimekamua mwenyewe jana asubuhi."

"Jana?"

"Jana. Nikaiweka kivulini. Wala sukari sikutia."

Akafungua kifuniko. Dumu likapumua, fyuuu! Pua yangu ikasimama kama mbwa aliyesikia anaitwa. Nimekunywa miaka thelathini mimi, pua hii haihitaji cheti. Maji ya mabibo yakilala usiku mmoja katika joto letu hili, yanaamka uraka, pombe kamili.

Akanimiminia wa kwanza, glasi ikajaa mpaka ukingoni. "Anza, mkubwa wetu."

Mate yakanijaa. Pale mezani hapakuwa na mwingine anayeijua harufu ile, maana hakuna hata mmoja anayekunywa. Wote wanaiita juisi. Ningekunywa, ningeshukuru, ningeongezwa, tena na mtu wa swala tano! Nani angenishtaki? Nikaishika glasi. Povu likanikonyeza.

Saburi, mapajani mwa mama yake, akanyoosha mkono kuitaka. Nikaisogeza mbali naye. Na kwa kuwa mkono ulishaanza safari, nikauacha uendelee mpaka katikati ya meza.

"Kitendawili!" nikapaza sauti.

"Tega!"

"Hulala mtoto, huamka mlevi."

"Fundi aliyejenga choo chetu!" akasema Hashiru. Watu wakacheka, ila Helena. Yeye anajua vitendawili vyangu huja na nani.

"Mama," akasema polepole, "hamu imekuja?"

"Imekuja, mwanangu. Tena leo imebebwa."

Mkwe akakuna ndevu. "Nimeshindwa. Nakupa Kisarawe."

"Ahsante. Nikaenda Kisarawe, nikakuta shamba zuri la mstaafu mmoja mcha Mungu. Asubuhi kakamua maji matamu ya mabibo, hata mtoto angekunywa. Kayalaza usiku, yakaamka uraka. Mwenyewe kayapakata kwenye basi mpaka Kibaha, na kofia yake ya swala kichwani."

Mkwe akainamia dumu, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Astaghfirullah! Kumbe ndiyo maana kondakta aliniomba nimpimie kidogo!"

Hashiru alicheka mpaka akaanguka na kiti.

"Nisamehe, mkwe," akasema Twalibu. "Nilitaka kukusaidia."

"Achana na hayo. Pua hii imeniaibisha miaka thelathini. Leo imefanya kazi ya halali."

Akalitazama dumu kwa huruma. "Lakini tukiiacha wiki kadhaa si inageuka siki? Na siki inaliwa."

"Kweli, nayo itaokoka uzeeni kama mimi. Lakini ikaokokee kwako, nyumba moja hatukai."

Akatoka nalo mwenyewe, akalimwaga kwenye shina la mpapai, uso ameugeuzia pembeni. Helena akachukua ile glasi, bado imejaa mpaka ukingoni, akaifuata njia ya dumu. Aliporudi alinifuta mikono kwa upande wa khanga yake, akanipakatisha Saburi.

"Januari tarehe nne namleta saa kumi na moja alfajiri, nikienda kazini," akasema. "Nikukute umeamka."

"Utanikuta," nikamwambia. "Na kuku utawakuta bandani kwao."