Dumu la Mwenyekiti

Katika kikundi cha wagonjwa wa kisukari cha Mogogosiek, hakuna aliyeruhusiwa kutangaza kwamba zoezi limeshusha au kupandisha sukari kabla hajapima mara mbili: mara tu baada ya zoezi, na asubuhi ya pili yake kabla ya chai. Aliyevunja amri hiyo aliteka maji chemchemini, akayapandisha mlimani, dumu zima la lita ishirini, hadi kwenye kituo cha kununulia majani chai walikokutana kila Jumanne. Amri ilitungwa na mwenyekiti mwenyewe, Mzee Kipkemoi, mwalimu mstaafu, nayo ilikuwa imekwisha kuwabebesha maji watu watatu.

Nyabate, muuguzi wao, alikuwa amemwonya: sukari yake ya asubuhi isiposhuka chini ya nane kufikia mwisho wa mwezi, daktari angemwanzishia sindano. Mzee aliogopa sindano kuliko alivyokiri. Miezi miwili alikuwa ametembea polepole barabarani, saa nzima kila siku, na kipimo kikang'ang'ania tisa. Ndipo Nyabate, baada ya moyo wa Mzee kupimwa, akapendekeza mlima: kasi kutoka nguzo moja ya umeme hadi ya pili, kisha taratibu nguzo mbili, kwa nusu saa tu.

Jumanne moja akapanda. Kabla ya kuondoka alikuwa na tisa nukta moja. Alipofika kituoni akihema, alichoma kidole mbele ya wote: kumi na moja nukta mbili.

"Basi," alisema, "mlima unapandisha sukari. Mimi narudi barabarani."

"Mwalimu, umepima mara ngapi?" aliuliza Esnah, mchuma chai aliyebeba dumu mwezi uliopita.

"Nambari haihitaji shahidi."

"Hata yangu haikuhitaji. Bega langu ndilo lililoshuhudia."

Watu walicheka. "Misuli ikihimizwa ghafla, Mzee, ini hufungua ghala lake la sukari," alisema Nyabate. "Baadaye misuli nayo huvuta sukari kutoka kwenye damu ili ijaze ghala lake. Ngoja asubuhi."

Asubuhi mashine ilisoma saba nukta nne. Hakuiamini. Akapanda tena siku tatu, na kila mara ikawa vivyo hivyo: mlimani juu, asubuhi chini ya nane.

"Yawezekanaje kinachopandisha kiwe ndicho kinachoshusha?" alimuuliza mkewe, Cherotich, aliyekuwa akikamua ng'ombe.

"Mimi nilikuwa nafikiria lile dumu," alijibu bila kugeuka.

Jumanne iliyofuata alisimama, akasoma nambari zote daftarini, pamoja na maneno aliyoyasema kabla ya wakati wake. Kisha akashika njia ya chemchemi. Aliporudi akipanda, Esnah alimfuata katikati ya mteremko, akataka kumpokea dumu.

"Amri haina nusu, mama," alisema, akapita.

Alimimina maji yote katika pipa la kituo, akaketi, akampa Nyabate kidole achome. Kumi nukta nane. Wote walimtazama, wakingoja neno.

Mzee aliiandika nambari, akafunga daftari.

"Kesho," alisema.