Aliyesema Nakuja

Jumamosi alasiri Priscilla alifunika karai lake la mahamri pale stendi ya Garsen, akaenda kwenye banda la video la Dzombo kutazama katuni ya Bwana Mkondo, sehemu ya pili. Alikuwa ameingoja tangu utotoni. Banda lilijaa mpaka watu wakakalia kreti za soda, na bati lilichoma kama kawaida.

Sehemu ya kwanza aliijua yote kichwani, yeye na kaka yake Josiah. Bwana Mkondo, na joho lake la kijani, anauzuia mto kwa kiganja na kuwashusha watu mapaani. Mwishoni inabaki nyumba moja. Anaitwa kwingine, anawageukia waliobaki, anasema, "Nakuja." Sauti ilikuwa ya Dzombo, maana yeye ndiye huwatafsiria watazamaji kwa kipaza sauti. Banda zima lilicheka. Huku kwetu mtu akisema "nakuja," ujue ameshakupa mgongo. Josiah peke yake hakucheka. Aliamini, maskini.

Mafuriko yalipoikumba Kilelengwani, kijiji chao, boti ya uokoaji iliwachukua wanawake na watoto kwenye paa la nyumba yao. Nahodha akamwambia Josiah, "Nakuja." Baadaye maji yalikauka kijiji kizima, isipokuwa yaliyoizunguka nyumba ile. Josiah yuko pale juu ya bati hadi leo, magoti kifuani. Hali chakula, wala hazeeki. Ukimfuata kwa mtumbwi utapiga kasia mpaka mikono ife ganzi, naye yuko mbali vilevile. Kanisa lilishamfanyia ibada ya mazishi, na nyimbo aliziitikia kutoka paani. Anangoja boti ileile. Boti yenyewe imepinduliwa nyuma ya ofisi fulani, kuku wanataga chini yake.

Kila Priscilla alipomtembelea, Josiah alimpigia kelele, "Ya pili imetoka?"

"Bado, kaka."

"Ikitoka uje mbio. Akirudi kuwachukua wale wa paani, na mimi nitachukuliwa."

Priscilla naye aliamini hivyo. Angeamini nini kingine?

Sasa ilikuwa imetoka. Bwana Mkondo amehamia jiji la maghorofa. Ana joho jipya la dhahabu, anapigana na maroboti, na akishinda anacheza dansi na mbwa anayeongea. Mto haupo. Paa halipo. Priscilla alivumilia mpaka majina yakaanza kupanda kwenye skrini, akayatazama nayo hadi la mwisho. Watu walipotoka alibaki kwenye kreti yake, analia kwa hasira.

"Shujaa gani huyu?" alimwambia Dzombo. "Si alisema nakuja?"

Dzombo alikuwa anakunja waya wa kipaza sauti. "Mimi ndiye niliyesema, dada yangu. Yeye aliaga tu."

"Mbona basi ukasema nakuja?"

"Sasa mtu akiondoka huku kwetu, husema nini?"

Priscilla alijifuta uso kwa leso, akamsaidia kupanga kreti.

Kesho yake baada ya kanisa alipanda bodaboda hadi Kilelengwani. Josiah alikuwa ameshamwona tangu barabarani, amesimama wima juu ya bati.

"Imetoka?"

"Imetoka, kaka."

"Alirudi?"

Njiani alikuwa amepanga kumdanganya, lakini alisema kweli. "Hakurudi. Yuko mjini, anacheza na mbwa."

"Hata kuwataja?"

"Hata kuwataja."

Lile la Dzombo hakumwambia. Josiah akakaa chini, akageuka, akaipa barabara mgongo. Priscilla alimwita kwa jina, akamwita tena, na safari hii hakuitika. Maji yakaanza kupanda polepole, yakafika ukingo wa bati, yakamfunika nyayo, yakatulia kiunoni.

Hirbo, mfugaji wa ng'ombe, alikuwa ameleta mifugo yake kunywa hapohapo ukingoni. Aliyatazama maji, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Afadhali, dada," alisema. "Kiangazi ishaingia, na ng'ombe nataka maji."

Ndama mmoja alikuwa anaogopa kusogea. Priscilla akavua viatu, akamsaidia Hirbo kumsukuma.