Chambo cha Msiba

Godwin alipata alama ya juu kuliko sote darasani, na mpaka leo sikai naye meza moja.

Tulikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya usalama wa mtandao, na mwalimu wetu Hezroni alikuwa amechoshwa na nadharia. Alitaka vitendo: tutunge ujumbe wa kitapeli, tuwatumie watu waliokubali kujaribiwa, tuone nani atabonyeza, kisha tuwafundishe. Wakulima wa kakao wa ushirika wa kwetu Ngana walikubali kwa sababu wananijua mimi, Asifiwe, mjukuu wa mzee Eliya.

Kutunga chambo akapewa Godwin, kijana wa mjini asiyejua hata kakao inaanikwaje. Akaandika kwamba mzee Eliya amefariki, na anayetaka ratiba ya mazishi abonyeze linki hii. Nilimwambia kwetu kifo hakichezewi. Akanijibu kwamba matapeli hawana adabu, kwa hiyo na sisi tusijifanye tunayo. Hezroni alicheka, akasema chambo bora ndicho hicho. Wasomi hao! Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini wenye kompyuta wataisikiliza methali ya nini?

Ujumbe ukaenda, na wanachama wakabonyeza wote. Ila Mnyakyusa akisikia msiba haishii kubonyeza, anaondoka. Jua halijakolea, wanawake walikuwa wameshafika uani kwa babu na mikungu ya ndizi na mchele vichwani, wanalia. Babu alikuwa anageuza kakao kwenye mkeka. Akasimama kuwatazama watu wanaomlilia yeye, na bibi alipotoka ndani akaketi chini palepale.

Hezroni, aliyekuwa amekuja nasi kijijini kuona matokeo, hakuomba radhi, aliomba spika. Akawatangazia waombolezaji kwamba wamefeli wote, na kwamba kuanzia siku hiyo ujumbe wa msiba ukiingia wasiuamini, hata ukitoka kwa ndugu. Watu wazima wakainamisha macho kwa aibu. Nilimchukia mtu yule, amesimama katikati ya mchele wa watu anawapa maksi.

Masika yaliyofuata babu alikufa kweli.

Baba mdogo alituma taarifa kwenye kundi la ushirika, tukakaa kusubiri. Kwetu hakuna anayezika mtu wake peke yake. Ngoma hulia, ua hujaa mpaka wengine wakae migombani. Siku ile majirani waliosikia kilio kwa masikio yao walikuja. Wanachama wa Ndandalo, wa Kasumulu na wa ziwani, waliopata habari kwa simu, hawakuja. Tuliwapigia, wengine wakakata. Ndizi zilipikwa zikapoa sufuriani, na bibi hakuacha kuuliza watu wako wapi, Eliya aliwakosea nini. Tukamzika babu na kaumati kadogo kama tunamzika mgeni.

Msiba ulipoanuliwa nilikwenda Ndandalo kwa mzee Nsajigwa, rafiki wa babu tangu wakichunga ng'ombe pamoja. Njia nzima nilikuwa napanga maneno makali. Nilitaka aniambie yeye, wa kwanza katika marafiki, alikuwa wapi.

Nilimkuta barazani. Aliponiona alicheka kwa furaha, akatoa simu mfukoni hata sijakaa.

"Ndaga, mjukuu wangu," akanisalimu kwa Kinyakyusa. "Safari hii hamkunipata. Sikubonyeza, na wenzangu wote niliwazuia. Ukifika nyumbani mwambie Eliya nimefaulu."

Nikavua kitambaa, akaona kichwa kilivyonyolewa kwa ajili ya msiba.