Godoro la Vuyokazi

…kwa sababu hii si sufu ya kweli, ni ile iliyochanganywa na nailoni, shingo yangu imeijua hata kabla vidole havijaigusa, blanketi lote liko mabegani mwangu na nyimbo ndiyo kwanza zinaanza, na Shangazi Nobantu, wa ukweni, amesimama mbele yangu, naiona miguu yake tu, soksi nyeusi, anasema tena, "Phathiswa, inuka mwanangu, hapo pana mwenyewe," nami nazitazama soksi, uso siuwezi leo, nyuso zina kelele kuliko midomo, mwenyewe nani, Shangazi, godoro hili lina mwenyewe gani kama si mimi… limewekwa sakafuni tangu jana akalie mjane, hapa chumbani kwa mama mkwe, Mdantsane, mshumaa pembeni, kioo kimegeuziwa ukutani, akina mama wa kanisa wamejipanga na blauzi zao nyekundu wanaimba, na Vuyokazi wangu yuko mochari mpaka Ijumaa, kiharusi, Jumatatu saa nne asubuhi, mbele ya darasa la saba, chaki mkononi, na mwalimu mwenzake aliponipigia simu nilimwuliza chaki ya rangi gani, sijui kwa nini, nilitaka tu kujua, naye akafikiri nina wazimu… "Rafiki anakaa kwenye kiti, mwanangu, na jikoni mikono haitoshi, nenda ukawasaidie kumenya viazi," rafiki, miaka kumi na moja, rafiki, na cheti cha ndoa kiko kwenye bahasha ya kahawia chini ya nguo zake za baridi, karani alituuliza siku ile, "Sasa hapa nani anaoa, nani anaolewa?" Vuyo akamjibu bila hata kutabasamu, "Andika tumeoana, kaka, kalamu haitagoma," na mama mkwe alikuwepo, na kofia yake ya zambarau, alikula keki vipande viwili, na sasa amelala hapa hapa ubavuni mwangu, daktari kampa vidonge, anakoroma kidogo, akiamka atasema, akiamka atawaambia huyu ni nani… na mlangoni wanawake wawili wananong'ona, wanadhani wimbo unawaficha, mimi nasikia kila kitu, hiyo ndiyo shida yangu, nasikia wimbo na sufuria jikoni na jokofu na wao, "Mtazame, hata chozi hana," "Yule? Yule ni jiwe, siku zote yuko hivyo," jiwe… mama yangu naye alinifinya paja siku tulipomzika baba, nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa napanga vikombe, vishikio vyote vielekee upande mmoja, akanifinya chini ya meza, "Lia, watu wanatuona!" nikalia, nililia kwa ajili ya paja, watu wakasema maskini, anampenda baba yake, na tangu siku ile nikawa najifunza uso wa msibani, uso wa harusini, uso wa kanisani, najizoeza bafuni, mpaka nikafika miaka thelathini na tisa ndipo daktari wa mjini akaniambia hii inaitwa usonji, nikamwambia usonji ni wa watoto, akasema watoto hao hukua, mama, wanakwenda wapi, nikatoka nimeishika karatasi kama mtu aliyeokota kitu cha mwenyewe, na Vuyo ananingoja garini, andazi la nyama mdomoni, "Haya, wamekuta nini? Kwamba mke wangu hajui kudanganya? Si wangeniuliza mimi," halafu akapangusa vidole, akaacha mzaha, "Thiswa, nyumbani kwetu usijizuie. Ukitaka kuyumba, yumba. Mimi sikuoa nusu yako…" na popote tulipokwenda alikaa karibu na mlango, funguo kazishika, akiniona nakunja vidole anawaambia watu, "Jamani, sisi tunawahi," na mimi ndiye niliyekuwa nawahi, nimetoka kwenye harusi ngapi, mabatizo mangapi, chumba kikianza kuniuma natoka, na leo hakuna wa kusema tunawahi… vidole vimekunjwa chini ya blanketi, kucha zimeingia viganjani, mgongo wote naushikilia usiyumbe, nguvu zangu zote zinaishia hapo, kuuzuia mgongo, na hizo ndizo nguvu ninazohitaji ili nibaki, kiwandani ninakofanya kazi, nikikagua mshono wa kiti cha gari ukavutwa pande mbili mara moja najua utaachia, siwezi kukaa hapa na kujificha hapa, nitafanya moja… mama mkwe aamke, aamke tu, atawaambia, na asipowaambia? Je, akifumbua macho akawaona dada zake na mchungaji, akaogopa, akasema naam, ni rafiki? nitainuka? nitakwenda kumenya viazi na mke wangu yuko mochari? Hapana. Simngojei mtu. Lala, mama… naviachia vidole, kimoja, kingine, vyote, na mgongo nauachia, unakwenda mbele, unarudi nyuma, mbele, nyuma, mbele yao wote, kitu ambacho hakuna aliyepata kukiona ila Vuyo, na koo linaanza kunguruma lenyewe, chini ya sauti za wale wa kanisa, hata si wimbo wao, ni sauti tu, na chumba hakijapungua kelele, sufu bado inawasha, lakini sasa nina mahali pa kuweka vyote hivyo, na wale wa mlangoni sijali tena wanasema nini… "Phathiswa! Unafanya nini mbele ya watu?" "Ninaomboleza, Shangazi," na sauti imetoka yangu kabisa, bapa, ile ambayo mama yangu aliniambia niitie sukari, sikuitia, "Mwanangu, nimesema inuka, hapo ni mahali pa mke," nami nainua macho, siyafikishi kwenye macho yake, nayafikisha kwenye kidevu, kidevu kinatosha, "Siku tulipomzika mpwa wako Mzukisi, mkewe alitaka kwenda jikoni, ukamkataza wewe mwenyewe, Shangazi, nilikuwepo, ulisema mjane hainuki, hata kiu ikimshika analetewa, mimi nimekauka koo tangu asubuhi, naomba maji."